Fundo la Vidole Tisa

Karakana ya Vitabu,
9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimevaa soksi mbilimbili, na kalamu nimeipasha moto kwapani ili wino ukubali kutoka. Afya ninayo. Dada muuguzi ameniandikia kwamba mapacha wake wameanza kutembea na tayari wamemwaga gundi yako sebuleni. Wape pole kwa kipigo ambacho najua hukuwapa. Na macho yako je? Kila barua unayalalamikia, halafu mwandiko wenyewe umenyooka kuliko wangu. Binti yako ni muuguzi, Mjomba, mwache akupeleke kwa daktari wa macho. Na kaburi la mama umelipalilia? Najua hulisahau, lakini nikiwa mbali nisipouliza nalala vibaya.

Huku nimezoea kidogo. Karakana yetu imo ndani ya nyumba ya watawa wa zamani. Sasa ni maktaba, na watawa wenyewe wamebaki wanne, wazee, wanaopita kwenye korido wakigusa ukuta. Sisi tunafanyia kazi kwenye ukumbi walimokuwa wakiimba sala. Viti vya mbao bado vipo, safu mbili zinazotazamana, na meza yangu iko katikati yake.

Meza hiyo ilikuwa ya mama mmoja aliyefariki mwaka mmoja kabla sijafika. Walimwita Dada Uzi. Mkuu wa karakana hakumjua, kwa sababu mimi na yeye tulifika hapa mwezi uleule. Aproni ya marehemu ilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango, ikanikaa bila kupunguzwa popote. Kisu chake cha ngozi kimelika mpini kwa mkono wa kushoto, na mimi, kama unavyojua, ndio mkono wangu. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili furaha ilipungua. Tena kuna mtawa mtunza bustani, kiziwi kidogo. Aliponiona mara ya kwanza aliweka chini ndoo ya maji, akafanya ishara ya msalaba, akaniuliza, "Umerudi?" Nikacheka, nikamwambia ndio kwanza nafika. Hakucheka.

Sasa nisikilize. Juzi nilipewa kitabu cha sheria cha miaka mia nne. Kadi yake inasema mgongo haujawahi kufunguliwa. Nikaloanisha gundi, nikaivua ngozi, na ndani nikakuta kipande cha ngozi nyingine iliyoandikwa, kimekatwa upana wa vidole viwili. Mkuu anasema ni kawaida. Kanisa la huku lilipogawanyika, wale waliotaka mahubiri na kuta nyeupe waliuza vitabu vya nyimbo vya watawa kwa uzito, na mafundi wakavikata kuimarishia migongo ya vitabu vipya. Kwa hiyo sheria za nchi zimeshikiliwa mgongoni na nyimbo za kanisa, na mawakili hawajui.

Kipande changu kina maneno ya Kilatini na alama za sauti juu yake. Mkuu alinitafsiria: Mnamtafuta nani kaburini? Ni wimbo wa Pasaka wa miaka elfu. Safu moja ya watawa iliuliza, safu ya pili ikajibu, kama malaika na wale wanawake waliokwenda na manukato. Baadaye wakavaa mavazi ya kuigiza, wakatoka hadi mlangoni, wakatoka hadi uwanjani, na mkuu anasema tamthilia za huku zilizaliwa upya hapo, kwenye swali hilo moja.

Lakini si hilo lililonifanya niinuke kwenye kiti. Ni uzi. Mishono ya kitabu kile imefungwa kwa fundo lako. Lile la kuzungusha mara mbili na kurudi nyuma kila tundu la tatu. Nimelitazama kwa lenzi. Mjomba, fundo letu limefikaje humo?

Mpwa wako.


Nyumbani,
14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu tunaamka. Mapacha wamehamia kwenye karatasi sasa. Kila nikigeuka nakuta mmoja anatafuna kona. Mvua imetuacha mapema. Kaburi la mama yako nimelipalilia na msalaba nimeupaka chokaa, jina linasomeka tangu barabarani, usilale vibaya. Dada yako anasema ninunue simu tuongee wote. Nimemwambia simu inamfanya mtu ajibu kabla hajafikiri. Macho ni yaleyale, ukungu asubuhi, ukungu jioni. Kwa daktari sendi, atanikatalia kazi.

Hilo la fundo lisikutie hofu. Bruda mzee aliyenifundisha kazi alitoka nchi hizohizo za watawa. Bila shaka alipita hapo ujanani akakifungua kitabu akakirudisha, na aliyeandika kadi alikuwa mvivu. Kadi nyingi huandikwa na wavivu.

Unakumbuka nilivyokusimulia? Bruda alikuwa akisema Wakristo wa mwanzo ndio waliotufanya sisi tule. Wakati wakubwa wa dunia wanasoma magombo ya kukunja, wao, watu wa vyumba vya nyuma, walishona kurasa. Gombo halifichiki chini ya nguo. Tena ukitaka kuwasoma waandishi wanne wa Injili na kuwalinganisha, utakunja na kukunjua mpaka kuche. Dini ilipopanda hadi kwa wafalme, kitabu cha kushonwa kikapanda nayo, na magombo yakaachwa yaoze. Nilikuwa nampenda sana akisema hivyo. Alijiona yeye na sindano yake wameangusha dola.

Basi fanya kazi yako, usikae kufungua migongo kwa udadisi. Na kile kitabu cha nyimbo cha mama yako nilichokupa ulipotimiza miaka ishirini, kiache kilivyo. Ngozi yake imechoka, baridi hiyo itakipasua.

Kula vizuri. Vaa soksi tatu.

Mjomba wako.


Karakana,
20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa barua na kwa habari za watafuna karatasi. Mimi nilikuwa na kikohozi wiki mbili, kimepona. Theluji imeyeyuka bustanini na udongo unanuka kama ghala lililofungwa muda mrefu.

Nitakusumbua kidogo, unisamehe. Bruda alipoteza kidole kwenye mashine kubwa ya kukatia karatasi, hapo nyumbani, mwaka wa kuezeka bati jipya. Umenisimulia mara mia. Kwa sababu ya kidole kile hakuweza kubana uzi, ndipo akabuni kuuzungusha mara mbili. Wewe ukaiga ukiwa na vidole vyako kumi, ukidhani ndivyo kazi inavyotakiwa, na ulipogundua kosa mkono ulikuwa umeshazoea. Nami nikaiga kwako. Sasa ujanani mwake, Mjomba, Bruda alikuwa na vidole vyote. Fundo lilikuwa halijazaliwa.

Tangu Januari nimefungua vitabu vingine viwili. Kimoja cha tiba, kimoja cha nyota. Kadi zinasema havijaguswa. Uzi ni wa zamani kweli, kitani kilichogeuka rangi ya chai. Na ndani ya kila mgongo, kipande cha wimbo uleule, swali lilelile, limekatwa palepale: Mnamtafuta nani kaburini? Jibu halimo. Nilisoma kwa sauti, adhuhuri, ukumbi mtupu, jua limejaa madirishani. Mwangwi wa huku hauchukui maneno yote. Ulinirudishia moja tu kutoka safu ya pili: "Nani?" Nikakusanya vitu vyangu nikaenda kula na watu.

Mkuu ananicheka. Anasema watu wa huku wengi hawaingii tena kanisani, lakini wanahesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo, wanapumzika siku Yake, wanamaliza chuo kikuu wakiwa wamevaa majoho ya makasisi, na saa ya mnarani iliyowafundisha kuwahi kazini ilianza kwa watawa walioogopa kuchelewa sala. "Imani imetoka," anasema, "mishono imebaki." Aliona ni mzaha. Mimi sikuuona mzaha, kwa sababu nilikuwa nimeshika mishono yenyewe.

Nina jambo jingine, sijui kwa nini linanijia sasa. Nilikuwa na miaka mitano jeneza la mama liliporudi kutoka ile hospitali ya mbali, limepigiliwa misumari, mkasema homa ile ni ya kuambukiza. Ulinibeba begani. Walipoliinamisha kulishusha, ndani palichakarisha. Nilikuuliza mama anafanya nini, ukaniambia ninyamaze. Unakumbuka?

Na nijibu hili: mbali na wewe na mimi, Bruda alimfundisha nani mwingine?

Mpwa wako anayekupenda.


Nyumbani,
2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Pacha mmoja ameota jino. Fundi cherehani jirani amehama, pamekuwa kimya. Nimejalidi rejista kumi za shule, nusu kwa kupapasa maana ukungu umezidi.

Pole kwa kikohozi. Kuhusu hayo mengine sina la kuongeza. Mtoto wa miaka mitano husikia mengi.

Mjomba wako.


Karakana,
30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimepata barua yako yenye mistari sita. Mwandiko wa kupapasa huo hauna hata herufi moja iliyovuka mstari.

Jana nimefungua kitabu cha nne. Fundo letu. Kipande cha wimbo, swali lake. Nikakigeuza. Nyuma yake, kwa penseli, kwa lugha yetu Mjomba, lugha ambayo hakuna mwingine anayeisoma katika nyumba hii, kumeandikwa: Hayupo hapa.

Penseli. Katika mgongo wa miaka mia nne.

Mkuu alinikuta nimesimama nacho, akaniketisha. Tukachungulia droo za chini za meza yangu, ambazo sikuwa nimezigusa kwa sababu zilijaa takataka. Si takataka. Ni nyuzi za vitabu vya kale, zimechambuliwa na kuviringishwa kwenye vijiti, na vipande vya wimbo ule, saba, vimekatwa tayari. Dada Uzi alikuwa akitengeneza vitabu kwa uzi wao wenyewe wa zamani. Alifunga mgongo bila kuacha alama, na hakuandika chochote kwenye kadi. Amedanganya kadi zote hizo ili asiyelijua fundo apite tu.

Leo nilimfuata mtunza bustani. Nikamwandikia kwenye karatasi: Dada Uzi amezikwa wapi? Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ukuta, upande wa wafanyakazi. Misalaba ya huko haina majina, ina kazi tu. Mpishi. Mfua nguo. Mwashi. Wa mwisho ni Mjalidi, kazi yetu sisi washona vitabu. Kisha mzee akaukunjua mkono wangu wa kushoto, akautazama kiganjani, akausogeza karibu na macho yake, akaanza kulia.

Sitakuuliza tena kuhusu Bruda. Nakuuliza hivi: ndani ya jeneza mlitia nini?


Nyumbani,
11 Agosti

Mwanangu,

Nimechelewa. Barua hii nimeiandika mara nyingi na kuwashia jiko. Wote wazima, hata mimi.

Tulitia karatasi. Mabaki ya mashine ya kukatia, magunia manne, na juu yake mbao mbili ili uzito ufanane. Nilipigilia misumari mwenyewe. Ulichokisikia ni hicho.

Bruda alimfundisha dada yangu pia. Alimfundisha yeye kwanza. Alikuwa fundi kunizidi, na nilijua, na kila mteja alijua. Baba yako alikuwa ameshatokomea. Bruda aliporudi kwao kuzeeka, akamwandikia mama yako kwamba kuna meza kwa ajili yake. Alikuwa na nia ya kukaa mwaka mmoja, kisha akuchukue. Nikamwambia mwanamke mwenye mtoto haendi kuishi kwenye nyumba ya watawa, watu watasema nini. Akasema waseme. Nikamwambia, "Ukipanda gari hilo, mimi nakuzika." Akapanda. Nami ni mtu wa kutimiza nilichosema, nikamzika.

Unajua ninavyopenda kanisa. Nilisimama pale kasisi akinyunyiza maji juu ya magunia ya karatasi, watu wakiimba habari za kaburi tupu, na sikuanguka. Tangu siku hiyo sijaimba Pasaka. Nasema koo linawasha.

Aliandika. Nikamjibu kwamba umeshalia, umeshanyamaza, na akitokea mlangoni atakuwa mzuka kwako, atakuharibu akili. Akaniamini, au akaona aibu, sijui. Akasema basi atangoja ukue. Ulipotimiza ishirini akatuma barua yako. Sikuwa na moyo wa kuichoma. Sikuwa na moyo wa kukupa. Nikaishona kwenye mgongo wa kitabu chake cha nyimbo nikakukabidhi, nikajidanganya kwamba nimekupa. Miaka yote hii umeibeba wewe mwenyewe.

Lipo moja lililobaki, na hilo ndilo lililonichelewesha. Karakana yako ilikuita mara mbili. Mwaliko wa kwanza, ule wa mwaka juzi, ndio uliosema kuna mjalidi mzee anayetaka kufundisha mkono wa kushoto. Nilijua ni nani. Ulikuwa umeshafunga begi. Ndipo nikakwambia nimeanza kupofuka. Ukalifungua begi, ukakaa nami, ukanisomea, ukaniwekea dawa machoni kila asubuhi. Karibu miaka miwili. Mwaliko wa pili ulipokuja ulisema meza iko wazi, nikaelewa kwamba amekufa, nikakuacha uende.

Macho yangu hayajawahi kuugua, mwanangu. Naona mpaka tundu la sindano.

Sikuombi kitu.

Mjomba wako.


Karakana,
15 Septemba

Mjomba,

Sina salamu leo, ila nimeandika "Mjomba" na sijalifuta.

Barua yako ilifika Jumatatu. Sikuja kazini siku nne. Nilihesabu, kwa sababu siwezi kujizuia. Alikufa miezi minane baada ya siku niliyolifungua lile begi. Miezi minane ningekaa naye. Asubuhi zile ninakuinamisha kichwa na kukwambia usipepese, yeye alikuwa hapa, amekaa kwenye kiti hiki, akitazama mlango. Mtunza bustani ameniandikia kwamba alikuwa anautazama kila gari la posta likiingia. Nakuchukia kwa hilo. Halafu nakumbuka ulivyonibeba begani, na sijui nifanye nini na vyote viwili.

Ijumaa nilikata mishono yako kwenye kitabu cha nyimbo cha mama. Unashona vizuri, ilinichukua saa nzima. Barua ipo, haina hata doa. Nitakupa mstari mmoja, mengine ni yangu: "Ukishajua kulifunga fundo la Bruda, njoo. Meza ni pana, inatosha wawili."

Ni pana kweli. Nimekaa upande mmoja tu wiki hii, sikujua kwa nini.

Mkuu aliniuliza kama vitabu vile vinne nivisahihishe, nitoe vipande, niandike kadi kwa ukweli. Nikaandika kadi. Vipande nimevirudisha, kila kimoja mahali pake, nikafunga kwa fundo lilelile. Atakayefungua baada ya miaka mia nne nyingine asumbuke kidogo, kama wale wanawake na manukato yao. Mwangwi nimeshauzoea. Jana uliuliza "Nani?" nikaujibu kwa jina la mama, kwa sauti, mara tatu, na mara ya tatu safu ya pili ililirudisha lote.

Sasa sikiliza. Huko kuna msalaba wenye jina na chini yake hakuna mtu. Huku kuna mtu na msalaba hauna jina. Ung'oe huo wa kwetu, mbele ya watu, mchana, na wakikuuliza unafanya nini uwaambie. Waambie wote, kuanzia kasisi. Kisha uulete huku.

Usiutume kwa posta. Uje nao mwenyewe. Njia utaiona, macho unayo.

Mpwa wako.